Nani Humfuata Nani? Historia ya Ndoa, Ukaazi na Uraia Kenya na kwa Jirani Zake

Tuanze na mfano wa kubuni. Kaka na dada wamezaliwa Arusha, wamelelewa katika nyumba moja na kusoma shule moja. Wote wawili ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Kaka anamwoa mwanamke Mkenya kutoka Kajiado. Dada anaolewa na mwanamume Mkenya kutoka Kajiado hiyohiyo. Ndoa zote mbili zinafungwa kihalali na vyeti vinatolewa, na wanandoa wote wanne wanataka kuishi Arusha.

Mbele ya padri, shehe au msajili wa ndoa, ndoa hizi mbili ni sawa. Mbele ya sheria ya uraia haziko sawa. Mke wa kaka ana haki ya kuomba uraia wa Tanzania kwa sababu tu ameolewa na Mtanzania. Mume wa dada hana njia hiyo. Atabaki mgeni mwenye kibali, na akitaka kuwa raia atapita mlango uleule anaopita mgeni yeyote asiye na mke Mtanzania.

Sasa uhamishe mfano wetu kaskazini, uvuke mpaka wa Namanga, na uwafanye kaka na dada kuwa Wakenya, kisha wenzi wao wawe Watanzania. Tofauti ile inatoweka. Kenya ya leo haiulizi kama mgeni ni mume au ni mke. Inauliza ndoa imedumu miaka mingapi.

Watu wengi wanaofunga ndoa na raia wa nchi jirani hudhani kwamba hati za uhamiaji ni suala la fomu, ada na foleni. Fomu zipo, na ada zipo. Lakini nyuma ya kila hati kuna wazo la kale kuhusu nani humfuata nani katika ndoa. Katika makala hii nitakueleza wazo hilo lilitoka wapi, lilibadilikaje nchini Kenya, na kwa nini inafaa ulijue kabla hujachagua hati ya kuomba.

Maneno manne ya kuanzia

Wewe unayejifunza Kiswahili utakutana na maneno manne ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni *viza*, yaani ruhusa ya kuingia nchini kwa kusudi fulani na kwa muda fulani. La pili ni *pasi*, ambayo kwa matumizi ya uhamiaji ni ruhusa ya kukaa kwa muda kwa hali maalumu. Pasi ya mtembezi ni ya mgeni anayepita, na *pasi ya mtegemezi* ni ya mke, mume au mtoto anayekaa nchini kwa sababu ya mtu mwingine. La tatu ni *ukaazi*. Tanzania hutumia neno hili katika «kibali cha ukaazi», na ng'ambo ya mpaka utasikia pia «ukaaji wa kudumu», yaani haki ya kuishi nchini bila kuomba upya kila baada ya miaka michache. La nne ni *uraia*, uanachama kamili wa taifa, pamoja na kura, pasipoti na haki ya kutofukuzwa.

Yatazame maneno hayo kama ngazi. Ndoa peke yake haikufikishi kwenye kipago cha juu, na ngazi yenyewe haifanani kutoka nchi moja hadi nyingine. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi ngazi hiyo ilijengwa kwa ajili ya wake, na waume hawakuwekewa mahali pa kukanyaga.

Kabla ya mipaka

Ni rahisi kudhani kwamba desturi za Kiafrika ndizo zilizoamua kwamba mke humfuata mume na si vinginevyo. Jamii nyingi za bara zilikuwa na desturi hiyo, lakini si zote. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Pate, familia za waungwana zilimtayarishia binti nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wafanyabiashara waliokuja na pepo za kaskazi kutoka Hadhramaut na Oman walioa pwani, wakazaa, na watoto wao wakawa watu wa mji. Hapo mwanamume mgeni aliupata wenyeji kwa kupitia mlango wa mwanamke.

Huko bara pia ndoa ilivuka mipaka ya makabila. Wamasai na Wakikuyu waliozana hata katika zama walizoibiana ng'ombe. Kisha Uingereza na Ujerumani zikagawana eneo hili kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Mstari uliochorwa uliwaacha Wamasai, Wakurya, Wajaluo na Wadigo pande mbili za mpaka. Binti aliyeolewa kijiji cha pili sasa alikuwa ameolewa nchi ya pili, ingawa njia aliyopita ni ileile aliyopita bibi yake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ina kanuni ya uhamiaji ndani yake. Mgeni hubadilika kuwa mwenzetu kwa kukaa na kushiriki kazi. Haisemi kama mgeni huyo ni mume au ni mke.

Sheria iliyokuja na ukoloni

Wazo tunalolifuatilia lilitoka Uingereza. Katika sheria ya kale ya Waingereza, mwanamke akiolewa, nafsi yake ya kisheria ilimezwa na ya mumewe. Kwa sheria ya mwaka 1870, Mwingereza wa kike aliyeolewa na mgeni alihesabiwa kuwa mgeni papo hapo, hata kama hakuwahi kutoka nje ya kijiji chake. Sheria ya mwaka 1914 ilirudia kanuni hiyo: mke wa raia wa Uingereza ni Mwingereza, na mke wa mgeni ni mgeni.

Wanawake wa Uingereza walipigania kuiondoa kanuni hiyo kwa miongo kadhaa. Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1948, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, ikaacha kumnyang'anya mwanamke uraia wake kwa sababu ya kuolewa na mgeni. Huo ulikuwa ushindi, ila ushindi nusu. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia alipewa haki ya kuandikishwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyemwoa raia hakupewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1957 kuhusu uraia wa wanawake walioolewa ulifuata njia hiyohiyo: ulimlinda mke asipoteze uraia wake, ukamfungulia njia rahisi ya kuupata uraia wa mume, na ukanyamaza kuhusu mume.

Zikumbuke tarehe hizo, kwa maana muda mfupi baadaye nchi zetu zilipata uhuru: Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Wanasheria walioandika masharti ya uraia ya nchi hizo walikuwa na sheria ya mwaka 1948 mezani. Walichokiona humo ndicho walichokinakili.

Uhuru na swali ambalo halikuulizwa

Usidhani kwamba viongozi wa uhuru hawakuujali uraia. Mwezi Oktoba 1961 Bunge la Tanganyika lilikuwa na mjadala mkali. Baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi ya mtu. Julius Nyerere alipinga kwa nguvu zote, akaliweka suala hilo kuwa la kufa na kupona kwa serikali yake: uraia ungejengwa juu ya utii kwa nchi, haungejengwa juu ya rangi. Msimamo huo ulishinda, nasi hadi leo tunakula matunda yake.

Lakini wakati macho yote yalikuwa kwenye swali la rangi, swali la mume na mke lilipita kimyakimya. Katiba ya uhuru ya Kenya nayo iliweka kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Kenya anaweza kuandikishwa kuwa raia. Kuhusu mwanamume aliyemwoa Mkenya, haikusema kitu. Ikaongeza jambo lililouma zaidi: mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa kurithi kwa baba yake tu. Mama Mkenya aliyejifungulia ng'ambo akiwa ameolewa na mgeni alirudi nyumbani na mtoto ambaye, machoni pa sheria, alikuwa mgeni. Kwa kuwa Kenya ilikataza pia uraia wa nchi mbili, mama aliyechukua uraia wa mumewe ili familia iwe na pasipoti moja aliupoteza wa kwao.

Siasa za kanda ziliongeza uchungu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kwa familia za Namanga, Taveta au Isebania, zilizokuwa na wakwe upande wa pili, sera ya nchi iliingia hadi jikoni. Hapo watu walijifunza kwamba ndoa inayovuka mpaka hutegemea, pamoja na mapenzi, aina ya karatasi iliyo mfukoni.

Kesi kutoka Botswana

Mabadiliko yalianza kusikika kutoka kusini mwa bara. Unity Dow, mwanasheria wa Botswana, aliolewa na Mmarekani mwaka 1984. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa, akawa raia wa Botswana kwa kumfuata mama. Wawili waliozaliwa baada ya ndoa hawakuwa raia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 ilisema kwamba mtoto wa ndoa humfuata baba. Fikiri jambo hilo vizuri: laiti asingefunga ndoa, watoto wake wote wangekuwa raia. Watoto hao wawili waliishi katika nchi ya mama yao kwa kibali cha ukaazi cha baba yao mgeni.

Dow aliishtaki serikali. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba sheria hiyo ilimbagua mwanamke kinyume cha katiba. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba utamaduni wa Botswana ni wa mfumo dume. Mahakama haikukubali kwamba utamaduni unaweza kuishinda katiba.

Kwa nini nakupeleka Botswana katika makala kuhusu Kenya? Kwa sababu kesi hiyo ilisomwa na wanasheria wa bara zima, na kwa sababu mwenyewe alifika Nairobi. Mwaka 1998 Dow alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana. Mwaka 2010 aliapishwa Kenya kuwa mmoja wa majaji wa mahakama ya muda iliyoundwa kuamua migogoro iliyohusu uandishi wa katiba mpya. Yule ambaye watoto wake walihitaji kibali cha baba ili waishi kwa mama yao alikuwapo wakati Kenya inaandika upya maana ya uraia wake.

Kenya yabadili mlango

Katiba mpya ya Kenya ilipigiwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 Agosti. Katika kampeni watu walibishana sana juu ya ardhi, mahakama za kadhi na utoaji mimba. Sura ya uraia haikuleta kelele nyingi, lakini kwa familia tunazozizungumzia ilikuwa na uzito mkubwa. Iliweka mambo manne.

Kwanza, mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Pili, uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa ndoa kuvunjika. Tatu, mtu yeyote aliyeishi katika ndoa na raia kwa angalau miaka saba ana haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Neno ni «mtu», si «mwanamke». Nne, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyekuwa ameupoteza kwa njia hiyo anaweza kuurudisha.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ikajaza maelezo. Mwenzi wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa, kisha uraia baada ya miaka saba. Anayeomba uraia lazima aonyeshe kwamba ndoa inatambuliwa na sheria ya Kenya, kwamba wanandoa wanaishi pamoja, kwamba hakuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na kwamba ndoa haikufungwa kwa kusudi la kupata hati. Sheria hiyo haikuwasahau wajane na wagane, wale ambao mwenzi wao alifariki kabla safari ya kuandikishwa haijakamilika.

Usiharakishe kuona kila kitu kuwa faida. Chini ya katiba ya zamani, mke wa Mkenya hakuwekewa miaka saba ya kusubiri. Leo lazima asubiri kama mume anavyosubiri. Usawa ulipatikana kwa kumfungulia mume mlango, na pia kwa kumwongezea mke muda wa kukaa barazani. Wapo wanaoona kwamba miaka saba ni mingi mno kwa mtu ambaye kazi, makazi na utulivu wake vyote hutegemea ndoa isitikisike. Hoja hiyo ina nguvu, maana mtu anayeogopa kupoteza hati anaweza kuvumilia ndani ya ndoa mambo yasiyovumilika.

Jirani wawili, mwaka mmoja

Turudi sasa Tanzania na Uganda, kwa kuwa mwaka 1995 nchi hizi mbili ziliandika sheria zao za uraia kwa namna tofauti kabisa.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilisema kwamba mtu yeyote aliyefunga ndoa na raia wa Uganda ataandikishwa akithibitisha ndoa halali iliyodumu miaka mitatu, au muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Haikutofautisha mume na mke. Uganda ilifika hapo miaka 15 kabla ya Kenya.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilichagua njia mbili kwa pamoja. Kuhusu watoto ilikwenda mbele: mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi huweza kurithi uraia kwa baba au kwa mama. Hapa Tanzania iliitangulia Kenya. Kuhusu wenzi ilibaki pale ilipoachwa na Waingereza: mwanamke aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba uraia wakati wowote wa uhai wa mumewe. Hakuna kifungu cha namna hiyo kwa mwanamume aliyemwoa raia.

Yule shemeji yetu wa Arusha, mume wa dada, ataishi kwa kibali kinachopatana na hali yake, na akitaka uraia ataomba *tajnisi*, yaani uraia anaopewa mgeni baada ya kutimiza masharti. Lazima awe ameishi nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba. Lazima awe na tabia njema, aonyeshe mchango wake kwa nchi, na ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza. Tena, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, itambidi aukane uraia wa Kenya. Kenya nayo humtaka anayeomba uraia kwa njia ya ukaazi awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Kwa hiyo lugha unayojifunza hapa inaweza siku moja kuwa sehemu ya maombi yako mbele ya ofisa.

Kuna kinaya hapa ambacho sisi Watanzania tunapaswa kukitazama. Mwaka huohuo wa 1995, mkutano mkubwa wa dunia kuhusu wanawake ulifanyika Beijing, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Nchi iliyoongoza mazungumzo ya dunia juu ya usawa iliandika, katika mwaka huo, sheria inayosema kwamba kaka anaweza kumletea mkewe uraia na dada hawezi kumletea mumewe. Uingereza yenyewe, ilikotoka kanuni hiyo, ilikuwa imekwisha iacha kwa sheria yake ya mwaka 1981.

Hofu ya ndoa za karatasi

Wanaoitetea tofauti hiyo hutoa hoja moja kuu: wanaume wageni watawaoa mabinti zetu ili wapate ardhi, biashara na pasipoti, kisha wawatelekeze. Hoja hii isidharauliwe. Ndoa za karatasi, yaani ndoa za kutafutia hati, zipo duniani kote, na wanaoumia mara nyingi ni wanawake.

Lakini iangalie hoja hiyo kwa makini. Ikiwa tatizo ni udanganyifu, mwanamke mgeni naye anaweza kudanganya, na kaka yetu anaweza kutelekezwa. Jinsia ya mgeni haituambii kama ndoa ni ya kweli. Muda unaweza kutuambia, na kuishi pamoja kunaweza kutuambia. Ndiyo maana Kenya na Uganda ziliweka miaka na ushahidi mahali palipokuwa na jinsia. Tunarudi kwenye hekima ya jembe: mpime mgeni kwa siku alizokaa na kazi aliyofanya.

Kuichagua hati inayokufaa

Baada ya historia hiyo, tuseme umefunga ndoa, au unakusudia kufunga, na mtu wa nchi jirani. Ufanye nini? Jiulize maswali haya kwa mpangilio.

*Ndoa yetu inatambuliwa?* Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inataja aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na inataka zote zisajiliwe. Mahari ikilipwa na wazee wakala pilau, lakini cheti kisichukuliwe, ofisi ya uhamiaji haitaiona ndoa hiyo. Kumbuka pia kwamba miaka ya kusubiri huthibitishwa kwa cheti.

*Tutaishi wapi?* Hati huombwa katika nchi mtakayoishi, kwa kufuata sheria ya nchi hiyo. Wanandoa wetu wa Arusha wangeamua kuhamia Kajiado, dada angekuwa yeye ndiye mgeni, na sheria ya Kenya ingempa njia ya miaka mitatu na miaka saba. Wapo wanaochagua mji wa kuishi kwa sababu hiyo.

*Ninahitaji kutembelea, kuishi au kufanya kazi?* Raia wa Kenya, Uganda au Tanzania haitaji viza kuingia nchi nyingine kati ya hizo. Hupewa pasi ya mtembezi bila malipo, ambayo inaweza kufika miezi sita. Wengi hunasa hapa. Mtu huingia kwa pasi ya mtembezi, akaanza maisha ya ndoa, akafungua duka, kisha akashangaa kuitwa mvunja sheria. Pasi ya mtembezi ni ya kutembelea. Pasi ya mtegemezi ni ya kuishi na mwenzi, nayo peke yake haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Mwenye kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kutoka nchi mwanachama kufuatana na mwenzi na watoto wake. Kwa hiyo wakati mwingine kibali cha kazi chako mwenyewe kitakulinda vizuri kuliko pasi inayotegemea jina la mwenzi wako.

*Nitapoteza nini?* Kabla ya kuomba uraia, uliza kama nchi yako ya asili itakuruhusu kubaki na wake. Mkenya wa kuzaliwa anaweza kubaki na uraia wake kwa sheria ya Kenya. Mtanzania anayechukua uraia wa Kenya kwa hiari yake anahatarisha wa Tanzania, pamoja na haki zinazouandama. Kwa Mtanzania wengi huona ukaazi wa kudumu nchini Kenya unamtosha: ataishi na mwenzi wake bila kuikana nchi yake.

Jambo la mwisho: sheria hubadilika, na ada na fomu hubadilika upesi zaidi. Soma sheria inayotumika siku unayoomba, na uulize katika ofisi ya uhamiaji yenyewe. Usimpe fedha dalali anayekuahidi uraia kwa wiki mbili.

Hitimisho

Msomaji wangu, kanuni iliyoandikwa London kwa ajili ya wake wa Waingereza ilisafiri hadi Nairobi na Dar es Salaam, ikakaa kama samani iliyoachwa na mpangaji wa zamani. Uganda na Kenya ziliitazama zikaamua kuitoa. Tanzania iliitoa kwa watoto na bado inayo kwa wenzi. Burundi, kwa sheria yake ya mwaka 2000, bado humpa baba nafasi kubwa kuliko mama katika kurithisha uraia.

Dada wa Arusha haombi upendeleo. Anaomba kwamba uraia wake uwe na uzito uleule ulio nao uraia wa kaka yake. Siku Bunge litakapolijadili suala hilo, itafaa wananchi wajue kwamba kanuni hii haikutoka kwa mababu zetu wala haikuandikwa kwenye mawe.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya pasi ya mtegemezi, ukaazi wa kudumu na uraia.
2. Kwa nini masharti ya uraia ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza yalifanana katika suala la wake wa raia?
3. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilimwongezea mume haki na kumwongezea mke muda wa kusubiri. Je, huo ni usawa wa haki? Toa sababu.
4. Tunga sentensi kwa kila neno: tajnisi, kuandikishwa, mtegemezi, kuukana uraia.
5. Mwulize mtu mzima katika familia yako au jirani yako: kabla ya hati za leo, mgeni aliyeoa au kuolewa kijijini alihesabiwa mwenyeji lini?